Yasaka Mark V baada ya miezi minne Tanga

Kwenye tenisi ya meza mimi ni wa kushambulia tu, mambo ya kurudisharudisha mipira siyawezi. Mwanzo nilibandika kwenye raketi raba ya Kichina inayonata, sponji ya chini yake ngumu: usiporusha mkono mzima mpira hauendi, na vumbi la Ngamiani liliganda juu yake kama nzi kwenye haluwa. Nikahamia Mark V, raba ya tangu 1969, sponji milimita 2. Hii inaushika mpira, inauzungusha, ndipo inauachia. Kifundo cha mkono kinatosha. Kasoro yake, ukipokea kizembe mpira wa kuanzia, unaruka nje ya meza. Upande wa bekihendi, wa kupigia kwa nyuma ya mkono, nimeweka sponji ya milimita 1.8, natulia zaidi. Na jasho letu hili! Kila nikimaliza naifuta kwa kitambaa kibichi, naifunika nailoni.