Kifaa Kipi Ununue ili Kunakili Flopi za Zamani kwa Ajili ya Emuleta

Anayetaka kuhamisha programu za kompyuta za zamani kama Commodore 64, Amiga au Apple II kutoka kwenye flopi hadi kwenye faili litakalosomwa na emuleta, yaani programu inayoiga kompyuta hizo, ajiulize kwanza kifaa anachokitaka kinasoma nini, ndipo aulize bei. Vipo vinavyotoa data iliyokwisha kufasiriwa tu, na vipo vinavyorekodi kila badiliko la sumaku kama lilivyo kwenye diski, kazi ya kulifasiri ikaachiwa programu baadaye. Flopi ya miaka ya 1980 ambayo utando wake umeanza kubanduka huenda ikasomeka mara moja tu; kwa hiyo vya aina ya pili ninavitanguliza bila kusita.

Cha kwanza ni Greaseweazle, kibao kidogo cha elektroniki kilichobuniwa na Keir Fraser. Muundo wake ni huria, hivyo hutengenezwa na wengi na bei yake ni nafuu. Huunganishwa na kompyuta kwa USB, na kwa waya bapa wa pini 34 huunganishwa na draivu ya kawaida ya flopi ya PC. Diski ya Amiga ya kilobaiti 880, ambayo PC yenyewe haiwezi kuisoma, hugeuka faili la ADF (nakala ya diski ya Amiga inayosomwa na emuleta) la baiti 901,120 kwa amri moja. Hata hivyo, hifadhi kwanza rekodi ghafi ya SCP, yaani faili la mabadiliko ya sumaku yasiyofasiriwa, ili sekta (vipande vya data vya diski) zikikosekana uweze kufasiri upya bila kuigusa tena diski. Tenga pia pesa za draivu na umeme wake, kwani draivu ya inchi 5.25 hudai volti 12 ambazo USB haitoi.

Mwenye flopi za Apple pekee, na mwenye Mac, achukue Applesauce. Hutumia draivu za Apple zenyewe na kutoa faili la WOZ, linalohifadhi hata kinga zilizowekwa kuzuia kunakili.

KryoFlux ni ya tatu: imara, na baadhi ya maktaba huitumia, lakini ni ghali na leseni yake inabana matumizi ya kibiashara. Kwa mtu wa nyumbani sioni sababu ya gharama hiyo. ZoomFloppy, inayounganisha draivu za Commodore na kompyuta ya leo kwa USB, inafuata, nayo inamfaa aliye na draivu ya Commodore 1541 (ya Commodore 64) iliyo nzima.

Draivu ya USB ya dukani naiweka mwisho. Inasoma flopi za PC za inchi 3.5 tu, kwa Amiga na Commodore 64 ni kupoteza pesa bure, hata iwe ya bei rahisi vipi.

Pamoja na kifaa, nunua spiriti ya kusafishia kichwa cha draivu. Kabla ya kusoma, zuia uandishi: flopi ya inchi 3.5 iachwe tundu wazi, ya inchi 5.25 izibwe pengo la ubavuni kwa utepe. Ukiona madoa meupe ya ukungu, usiiingize kabla ya kuisafisha, kwa kuwa uchafu huo hung'ang'ania kichwa na kukwaruza diski inayofuata.