Dawa ya konokono ya punje za bluu: nimeitumia msimu mzima wa mvua hapa Dodoma

Naanza na jibu kwa wenye haraka. Dawa inaua kweli, ila haifanyi kazi kama nilivyoambiwa dukani, na kama nyumbani una mbwa, kuku au mtoto wa kutambaa mi siwezi kukushauri uinunue. Nyota mbili kati ya tano. Wenye muda twendeni taratibu.

Nakaa Nzuguni, nilihamia huku kikazi kutoka Dar na moja ya vitu nilivyojifariji navyo ni kwamba Dodoma ni kukavu, mvua zinaanza Desemba Aprili zimekata, kwa hiyo nikajua mambo ya konokono nimeyaacha Mbagala. Kha! Nilikuja kujua kwamba konokono hahitaji mji mzima uwe na maji, anahitaji tuta lako tu. Na mi matuta yangu nilikuwa nayapenda: samadi ya kutosha, matandazo ya majani makavu mazito kabisa, shade neti juu, halafu kila jioni saa kumi na mbili nikitoka kazini namwagilia mpaka udongo unang'aa. Nilikuwa na chinese, spinachi, figiri, letusi kidogo za kujionyesha, na pembeni ya kibaraza miche ya marigoldi na zinia maana nyumba bila maua naiona kama stoo.

Januari nimehamisha miche ya chinese kama arobaini hivi kutoka kitaluni, asubuhi ya siku ya tatu nakuta vijiti. Yaani vijiti vitupu vimesimama kama njiti za kiberiti. Nikajua panzi, nikaenda nikanunua dawa ya panzi ya shilingi elfu nane nikapiga, wapi, kesho yake vijiti vimeongezeka. Hiyo elfu nane niliitupa bure kwa sababu konokono sio mdudu, yuko ukoo mwingine kabisa na dawa nyingi za wadudu hata hazishtui. Kilichonifumbua macho ni ile michirizi ya ute inayong'aa kwenye tofali jua likiwa linachomoza. Nikatoka saa tatu usiku na tochi ya simu. Aisee. Niliokota sabini na nne kwa saa moja, sio wale wenye gamba mgongoni, hawa ni wale wasio na nyumba, wengine huita koa, weusi, bapa kama soli ya ndala ya mtoto, kamstari kembamba ka rangi ya maziwa katikati ya mgongo. Mchana huwaoni hata mmoja, wamelala chini ya matandazo na kwenye nyufa za tofali.

Ndo nikaenda duka la pembejeo, silitaji. Kijana akachota kwa kikombe kutoka kwenye mfuko mkubwa akanifungia kwenye kimfuko cha nailoni kisicho na hata neno moja juu yake, nusu kilo, elfu saba. Namuuliza natumiaje, ananiambia "dada weka tu mafungu mafungu kila kona ya tuta, wenyewe watakuja". Na ni kweli walikuja. Asubuhi ya kwanza nikakuta ishirini na moja wamelala kwenye dimbwi la ute wao, nikapiga picha nikamtumia dada yangu, nikajiona nimemaliza kazi.

Usiku wa pili ikanyesha. Sio mvua kubwa, ile ya nusu saa. Asubuhi zile punje zimekuwa kama uji uliomwagika, na baadhi ya wale niliowaacha palepale nikijua wamekufa hawapo. Nikadhani ndege wamewala. Baadaye ndo nikasoma nikaelewa: dawa yenyewe inaitwa metaldehidi, imechanganywa na pumba ndo maana konokono anaifuata, akiila inamharibu mwilini anatoa ute mfululizo mpaka anakauka. Sasa kama kuna unyevu mwingi anarudisha maji aliyoyapoteza, anaamka, anakwenda zake. Kwa hiyo dawa hii inataka usiku usio na mvua, na konokono wenyewe wanatoka sana usiku wa mvua. Hapo utaona tatizo liko wapi.

Ila hilo lisingenifanya niipunguzie nyota tatu. Kilichonikera ni hiki: siku ya nne kitoto cha mbwa cha jirani kikapenya kwenye michongoma kikalamba fungu moja lililobaki chini ya ukuta. Ile pumba tamu inamvuta na mbwa pia. Ndani ya saa moja hivi kikaanza kutetemeka miguu, macho yamemtoka, mate yanachuruzika. Jirani amekibeba kwenye boda mpaka kwa daktari wa mifugo, mi nyuma na boda nyingine nimeshika kile kimfuko, daktari ananiuliza "hii ni dawa gani?" na mi sina cha kumjibu kwa sababu hakuna lebo. Nakwambia niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Kilipona, ilichukua siku mbili na kuniacha na bili, na jirani tumerudi kuongea vizuri, lakini mpaka leo akiniona na ndoo bustanini anaita mbwa wake ndani.

Kwa hiyo la kwanza kabisa, usinunue ya kupimiwa. Mara ya pili nilitafuta ya pakiti iliyofungwa, yenye jina la kiambato, maelekezo ya Kiswahili na namba ya usajili wa TPHPA, ile mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, ikanitoka elfu kumi na tano na nilizunguka maduka matatu kuipata. Na maelekezo ndo kinyume kabisa cha yule kijana: hairuhusiwi mafungu hata kidogo, unatawanya punje mojamoja zikae mbalimbali, kama shibiri kati ya punje na punje, udongoni tu, isiguse majani ya mboga unayokwenda kula, na unavaa glavu. Ukitawanya hivyo mbwa hapati mdomo mzima. Kuku bado nilifungia wiki nzima, maana wanadonoa punje na wanadonoa konokono wenye sumu tumboni. Nilivyofuata hivyo, usiku mkavu, asubuhi naokota maiti zote naziweka kwenye kopo na kuzifukia mbali, matokeo yalikuwa mazuri kwa kweli, hasa kwenye miche michanga ya marigoldi ambayo ilikuwa inaliwa kabla hata sijaijua jina. Ila ujue Uingereza wameshapiga marufuku metaldehidi kutumika nje tangu 2022 kwa sababu ya hatari kwa ndege na wanyama wa porini. Huko wanatumia punje za feri fosfeti, yaani zenye madini ya chuma, konokono anaacha kula anajichimbia anafia ardhini, mbwa hana hatari kubwa namna ile. Niliziulizia maduka manne hapa mjini, wananiangalia tu.

Nilijaribu na vingine, navitaja harakaharaka. Majivu: yanazuia yakiwa makavu, umande ukigusa tu yamekwisha, na umwagiliaji ndo kabisa. Maganda ya mayai: nilikusanya mwezi mzima mpaka mama muuza chipsi wa kwetu akawa ananiwekea, nikayasaga, nikayazungushia letusi kama ukuta wa Ikulu, nikamshuhudia mmoja kwa macho yangu anapita juu yake bila haraka. Kumbe mwaka 2018 Royal Horticultural Society, chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza, walishajaribu maganda ya mayai, mkanda wa shaba, kokoto kali na vitu vingine viwili, letusi zikaliwa vilevile. Ningejua ningemwachia mama wa watu maganda yake. Chumvi: inaua, lakini maji yetu ya kisima yenyewe yana chumvi tayari, ukiongeza nyingine kwenye tuta utakuja kulima nini?

Bata. Bibi mmoja jirani, Mgogo wa hapahapa, nimemwamkia "mbukwa bibi" akanicheka matamshi halafu akaniazima bata wake watatu. Bata ni mashine. Wanachokonoa mpaka chini ya matofali, wanameza kama tambi. Saa mbili za kwanza nilikuwa nawaza kununua wangu, saa ya tatu wakamaliza konokono wakahamia kwenye spinachi. Nikarudisha bata wa watu na fungu la mchicha kama shukrani.

Kilichonishangaza ni mtego wa zabibu. Rafiki yangu ana shamba Hombolo, Februari wanavuna, akaniletea lita mbili za mchuzi wa zabibu, yaani juisi yake, ambao ulishaanza kuchacha. Nilikata chupa za maji, nikazifukia zikabaki zimechomoza kama sentimita mbili juu ya udongo ili wadudu wazuri wasidumbukie, nikajaza nusu. Asubuhi kumi na saba wamelewa wakazama. Wanafuata ile harufu ya uchachu, kwa hiyo kama huna zabibu koroga hamira kijiko kimoja na sukari kwenye maji ya uvuguvugu, nimejaribu, inakamata karibu sawa. Na maganda ya papai yaliyogeuzwa chini jioni ukiyainua asubuhi unakuta wamejibanza humo kama abiria wa daladala ya saa moja. Hiyo ni bure na ndo naitumia mpaka sasa.

Lakini kuna tuta moja halikuwahi kuguswa. Tuta la mwisho kule nyuma, mpira wa maji haufiki, kwa hiyo msichana wa kazi alikuwa analimwagia asubuhi kwa ndoo, maji ya kuoshea mboga, na halina matandazo kwa sababu nilichoka kabla sijalifikia. Figiri za kule zilikuwa nzima, na mlenda uliojiotea wenyewe pembeni unatamba tu. Miezi miwili nalipita lile tuta na mifuko ya dawa mkononi silioni! Siku nilipoliona nilikaa chini kwenye ndoo. Mi mwenyewe kila jioni nilikuwa nawatandikia kitanda chenye unyevu dakika chache kabla hawajaamka.

Nikahamisha umwagiliaji ukawa saa kumi na mbili asubuhi, jua la Dodoma mnalijua, ikifika jioni juu ya udongo pamekauka kabisa. Matandazo nikayapunguza yakawa membamba na nikayasogeza mbali na mashina. Nikageuza matofali yote, chini yake kulikuwa na mayai yao, vishada vya vitu vinavyopitisha mwanga kama sago iliyopikwa, nikayaanika juani. Na kila usiku nikawa natoka na tochi, na glavu, maana hawa viumbe wanaweza kubeba minyoo inayodhuru binadamu, kwa hiyo usiwashike kwa mkono mtupu na mboga za kula mbichi zioshe jani kwa jani. Baada ya wiki niliokota thelathini na moja. Baada ya wiki tatu tisa, na kati ya hizo wiki dawa sikutumia hata punje.

Kwa hiyo elfu kumi na tano ya pakiti nzuri sijaijutia sana, kwenye wiki ya kwanza miche ikiwa midogo na konokono ni jeshi inakununulia muda, ila elfu saba ya kile kimfuko na bili ya mbwa naziandika hasara. Pakiti imebaki zaidi ya nusu, nimeifungia kwenye kopo la rangi lenye mfuniko juu ya kabati la stoo, nimeiandika SUMU kwa makapeni nyekundu pande zote mbili.

Jana usiku nimeokota wanne. Marigoldi zimetoa maua, zinia mbili tu ndo zilipona.