Kidole cha sita cha mtoto: uzi au upasuaji?
Akina mama wa Moshi hubishana sana kuhusu hili. Uzi ni nafuu: hufungwa kwenye shina la kidole, nacho hukosa damu, huwa cheusi, hukauka na kudondoka baada ya siku kadhaa. Lakini unafaa tu kile kinachoning'inia kwa kinyama chembamba, tena ufungwe na mhudumu wa afya. Huweza kuacha kinundu chenye mshipa wa fahamu. Kikiguswa, mtoto analia.

Upasuaji ni ghali zaidi, ila kovu hubaki safi.

Kidole kikiwa na mfupa, sahau uzi kabisa. Mpeleke mtoto hospitali ya KCMC, hapo Moshi, akapigwe eksirei. Madaktari wengi husubiri akaribie mwaka mmoja ndipo apewe dawa ya usingizi. Kikiwa kinyama tupu na unaishi mbali, uzi unaweza kutosha, ilimradi umrudishe haraka pakivimba au kutoa usaha.