Miaka Mitatu na OPNsense: Uzoefu Wangu wa Kutunza Faiawoli ya Kampuni

Ninasimamia mtandao wa kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, yenye wafanyakazi wapatao 40, na kwa miaka mitatu sasa lango letu la intaneti linalindwa na OPNsense, programu huria ya faiawoli, yaani ya kuchuja data zinazoingia na kutoka, iliyochipuka kutoka pfSense, faiawoli nyingine huria, mwaka 2015 chini ya kampuni ya Deciso ya Uholanzi. Programu yenyewe hatukuilipia. Tulinunua kompyuta ndogo yenye poti nne za mtandao, pamoja na UPS, kifaa cha betri cha kushikilia umeme, kwani umeme ukikatika ghafla data kwenye diski zinaweza kuharibika.

Kuisakinisha hakukunichukua hata saa mbili. Kazi ilikuwa kwenye kanuni, yaani maagizo ya nini kipite na nini kizuiwe. Husomwa kutoka juu kwenda chini, na kwa kawaida ya kwanza inayolingana ndiyo inayoamua, hivyo kanuni ya kuzuia ikiwekwa chini ya ile inayoruhusu kila kitu haifanyi kazi yoyote.

Nilipohamisha kanuni za ruta ya zamani, nilizichukua zote kama zilivyokuwa, ikiwemo moja isiyo na maelezo iliyofungua poti 3389, namba ya mlango wa kuingilia kompyuta ya Windows kwa mbali, kwa dunia nzima ili mhasibu afanyie kazi nyumbani. Baada ya wiki moja nilipoiwashia kumbukumbu (orodha ya kila jaribio la kupita), skrini ilijaa majaribio kutoka anwani tusizozijua, mengine yakifuatana kwa sekunde chache tu. Niliifuta papo hapo, lakini muunganisho mmoja ukabaki hai, kwa sababu faiawoli hii hukumbuka miunganisho iliyokwisha kuikubali na haiikati kwa kuwa tu kanuni imeondolewa. Ilinibidi nifungue jedwali la miunganisho na kuufuta mwenyewe. Namshukuru Mungu, ulikuwa wa mhasibu wetu, na kesho yake nikamwekea WireGuard, programu ya VPN inayompa njia iliyofichwa kwa usimbaji hadi ofisini. Tangu siku hiyo siongezi kanuni bila kuandika imeombwa na nani, kwa kazi gani na tarehe ipi, na kila baada ya miezi mitatu ninazipitia zote pamoja na wakuu wa idara.

Matoleo makubwa hutoka mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai, na masasisho madogo hutoka katikati. Nasubiri siku chache, napakua faili la usanidi na kulihifadhi nje ya mashine, kisha nasasisha Jumamosi jioni ofisi ikiwa tupu. Historia ya usanidi imeniokoa mara mbili, kwani nikikosea narudisha hali ya awali bila kuanza upya.

Tuna faiba na laini ya akiba ya 4G. Mwanzoni akiba ilikataa kushika, kwa kuwa usipotaja anwani ya kupima kama laini iko hai, mfumo hupima kifaa cha karibu cha mtoa huduma, ambacho kinaweza kujibu hata njia ya mbele ikiwa imekatika. Nilipotaja anwani ya mbali, tatizo likaisha.

Suricata, kipengele chake cha kugundua mashambulizi, kilizuia hata nyaraka halali za wateja, nami nikakibakiza kwenye kutoa tahadhari pekee. Ofisi isiyo na mtu wa kusoma tahadhari hizo kila asubuhi naishauri isikiwashe kabisa, na muda huo iutumie kupitia kanuni zake.