Oksimita ya mgonjwa mwenye vidole vya baridi: uliza PI kwanza

Mama alikuwa anahema juu juu, vidole vya baridi kama vimetoka kwenye friji, na oksimita, kibanio cha kidoleni kinachopima asilimia ya oksijeni kwenye damu, nilichonunua Kariakoo kinang'aa 97. Nikaiamini ile 97 saa nzima. Hospitali nesi akampima kwa kipimo cha sikioni: 82.

Tangu siku hiyo siulizi betri wala rangi. Nauliza kifaa kitasema nini damu isipofika kidoleni. Oksimita hupitisha mwanga kidoleni na kusoma mdundo wa damu kwenye ateri. Presha ikishuka sana, mwili huinyima mikono damu ili ulinde moyo na ubongo, na mdundo unabaki hafifu mno. Kifaa cha maana kitakuonyesha unyonge huo kwa PI, yaani nguvu ya mdundo kwa asilimia, pamoja na mchoro wa wimbi lake kwenye kioo. Kingine kitakutolea namba tu. PI ikiwa chini ya 0.5, mimi siiamini namba mpaka nipashe mkono joto, nibadilishe kidole. Na mgonjwa akihema vibaya, mpeleke hospitali hata kioo kiseme 99.

Oksimita ninazozikubali ni tatu. Ya kwanza ni Masimo MightySat, na sifichi mapenzi yangu. Inaonyesha PI na wimbi, na teknolojia yake ya SET ilibuniwa kwa ajili ya mdundo hafifu na mgonjwa anayetikisika. Ni ghali, lakini jichangeni ukoo mzima.

Ya pili Nonin Onyx. Taa yake ya kijani, njano au nyekundu inakuambia mdundo ukoje; hata bibi asiyesoma ataelewa.

Ya tatu, mashine ya mkononi yenye waya, ukiinunua pamoja na kipimo chake cha sikio. Ile ya kidole usiibane sikioni, haikutengenezewa hapo.

Za bei chee zisizo na wimbi, ziache.

Ngozi yetu nayo ina neno. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha oksimita zilipitwa na upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Rangi ya kucha, futa; penye piko, tumia kidole kingine.

Sasa wauzaji. Wakiona umeshika cheti cha hospitali, bei inapanda. Ukidai risiti ya EFD, mashine ni mbovu. Mimi hushika chupa ya maji baridi dakika chache, kisha naomba kujipima pale pale dukani. Wengi hukataa hata kufungua boksi. Nilipokirudisha kile cha 97, muuzaji alininyooshea kidole ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.