Jiko wamelipanga vizuri, lakini sufuria ya mama mkwe wangu iko wapi?

Nimekaa na hasira hizi muda mrefu nikijiambia zitaisha. Hazijaisha, kwa hiyo naandika.

Nazungumzia wale wanaokuja nyumbani kukupangia jiko. Hapa Moshi wameanza kujulikana, na huenda umeshaona picha zao: kabati jeupe, makopo ya kioo yamepangwa kwa urefu, hakuna hata kijiko kilicholala vibaya. Jina lao silitaji. Bei na vifurushi vyao wanavitangaza wenyewe, sitavirudia. Langu ni kuhusu sufuria moja, na jinsi mama mzima alivyosemeshwa ndani ya nyumba ya mwanawe. Nawapa nyota moja.

Jiko langu lilihitaji msaada, hilo halina ubishi. Tunaishi Rau, nyumba ya familia, wageni hawakatiki. Kabati la chini lilikuwa halifungi kwa sababu ya madumu. Nyuma ya friji kulikuwa na rambo zilizokunjwa tangu kabla hazijapigwa marufuku Juni 2019. Mifuniko ya hotpoti ambazo zenyewe zilishavunjika zamani. Ndoo za rangi za kuwekea unga, makopo ya Blue Band yenye viungo visivyo na harufu tena. Ukitaka mwiko, utoe kwanza chekeche, birika na mbuzi ya nazi. Binti anayenisaidia kazi alikuwa anapika ameinama kutwa nzima, mgongo unamuuma, na mimi namwona. Niliwaita kwa nia njema kabisa.

Walikuja asubuhi moja kipindi cha masika. Mama mkwe wangu alikuwa ameshuka kutoka Kibosho kwa ajili ya kliniki pale KCMC, na kwa kuwa hajui kukaa bure, alikuwa jikoni juu ya kigoda anamenya ndizi za mtori. Vijana wawili wa kubeba waliingia, wakasimama: "Shikamoo mama." Akawaitikia, akawauliza wametoka upande gani, wakaongea vizuri. Msimamizi wao akafuata, binti ambaye mama angeweza kuwa bibi yake kwa umri. Akaingia na simu mkononi anachukua video, akapita mbele ya mama kama vile pale pana ukuta. Hodi hakuna, shikamoo hakuna. Neno la kwanza kutoka mdomoni mwake: "Bibi, naomba upishe, unaonekana kwenye video."

Nikamwambia, "Dada, huyu ni mama yetu. Msalimie kwanza." Akasema "shikamoo bibi" macho yakiwa kwenye simu, na wala hakungoja marahaba. Mama aliitikia akiwa amebaki peke yake na maganda yake ya ndizi.

Najua kuna watakaosema hilo ni jambo dogo. Kwangu si dogo hata kidogo. Mtu unamfungulia mlango wa jiko lako, sehemu ambayo hata wageni wa heshima hawafikishwi, halafu anashindwa kumsalimia mzee aliyemkuta amekaa? Kama salamu imemshinda, vitu vya huyo mzee atavishika kwa mikono ya namna gani? Jibu nililipata siku hiyo hiyo.

Kazi yao inakwenda hivi: wanatoa kila kitu nje, wanatenga mafungu matatu, la kubaki, la kugawa na la kutupa. Kipimo chao ni kwamba kitu ambacho hukukitumia mwaka mzima hakina kazi. Kwa rambo na makopo yangu, sawa, walitupa na nikashukuru. Lakini kipimo hicho ni cha nyumba ya watu wawili. Huku kwetu jiko linapimwa Desemba, mabasi ya Dar yanaposhusha ukoo mzima na kila mtu anataka kula kwa mama. Linapimwa pia siku jirani amefiwa, akina mama wanapopita nyumba kwa nyumba kukusanya vyombo. Kinu, ungo mkubwa, madumu ya maji, kata za mbege, vyote vinaweza kukaa miezi bila kuguswa, na siku vikihitajika vinahitajika ndani ya saa moja.

Na ndiyo habari ya sufuria yenyewe. Ni ya alumini nzito, ya kupikia wali wa kilo kumi, ina vishikio viwili, na kimoja kilipigwa ribiti upya na fundi. Kitako ni cheusi kwa moshi wa kuni, weusi ule usiotoka hata usugue na mchanga, lakini ndani inang'aa. Ubavuni, chini kidogo ya ukingo, mama alikwangua herufi zake mbili kwa msumari ili ikiazimwa msibani ijulikane ni ya nani na irudi. Herufi hazijakaa sawa, moja imelala. Sufuria hiyo ndiyo iliyopika kwenye harusi yetu. Baba mkwe alipofariki ndiyo iliyolisha watu hadi siku ya kumaliza matanga. Nilipoanza kupokea wageni wa Desemba hapa mjini, mama aliishusha kutoka Kibosho mwenyewe kwa daladala, akaniambia sasa itakuwa inakaa kwangu.

Msimamizi akaigusa kwa ncha ya kiatu. Kwa kiatu! Akasema, "Haya masufuria ya msibani mnaweka ndani ya nini? Yanakula nafasi tu." Mama akamjibu kwa upole, "Hiyo mwanangu iache." Yule binti akacheka, akaendelea na video yake. Nikaibeba mimi mwenyewe, nikaiingiza stoo, nikaegemeza ungo mbele yake, nikawaambia wote watatu, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba stoo haiguswi. Kisha nikampeleka mama kliniki.

Tuliporudi jioni, kusema ule ukweli, nilisimama mlangoni nikafurahi. Vyombo vya kila siku wameviweka usawa wa kiuno, vya mara moja moja juu, vizito chini. Viungo vimekaa mbali na jiko ambako joto haliviui. Visu vina mahali pake. Kaunta ipo wazi mwanzo hadi mwisho, na binti wangu wa kazi alikuwa anaifuta huku anaimba. Wakaniletea karatasi, imeandikwa kazi imekamilika, nikatia saini. Siku hiyo ungeniuliza ningewapa nyota tano na ningeongeza chai.

Siku chache baadaye mtaani kukatokea msiba. Akina mama wakaja kama kawaida: "Mama, tunaomba ile sufuria." Nikaenda stoo. Ungo upo umeegemezwa vilevile nilivyouacha, nyuma yake patupu.

Nikapiga simu. Nilitarajia kusikia "pole, tunaifuatilia." Nilichosikia ni "Dada, ulisaini." Nikamwambia karatasi ninayo mkononi, nikamsomea: kazi imekamilika, basi, sufuria haijatajwa mahali popote. "Dada, ulisaini." Nikamuuliza vitu vya kugawa vilipelekwa wapi nikavifuate mwenyewe. Akasema wanagawa kwa wahitaji na hawaandiki orodha. Nikamwambia ile ilikuwa stoo, haikuwa kwenye fungu lolote, na kulikuwa na mzee aliyesema kwa mdomo wake iachwe. Kimya kidogo, halafu: "Basi tutakununulia mpya, si ni sufuria tu?"

Si ni sufuria tu. Maneno hayo nimeyasikia kichwani kila ninapoingia stoo. Mpya itakuwa na herufi za nani? Na mimi ningewaambiaje wale akina mama waliosimama uani kwamba sufuria iliyolisha misiba ya mtaa huu imegawiwa, na aliyeigawa hajui kwa nani?

Siku ile nzima yule msimamizi alikuwa anamtaja Marie Kondo, yule mama wa Kijapani aliyeeneza mtindo wa kushika kitu na kujiuliza kama kinakupa furaha. Nimemsoma huyo mama, na naomba aliyejifunzia kwake amsome vizuri. Anafundisha kwamba vitu vya kumbukumbu viwe vya mwisho kabisa kuamuliwa. Anaonya pia usitupe vitu vya mwenzako wa nyumbani bila ruhusa yake. Hata kile unachokiacha anataka ukishukuru kwanza. Yeye wa Japani ana adabu kwa kitu kisicho na roho, na huyu wa hapa Moshi amekosa adabu kwa mama aliyekaa mbele yake.

Hasira zilipopanda ndipo nikaanza kuona na mengine. Mtungi wa gesi walikuwa wameufungia ndani ya kabati chini ya kaunta, mlango umefungwa, eti unaharibu mwonekano. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatuama chini, na ndani ya kabati lisilo na tundu itajikusanya mpaka mtu awashe kiberiti. Mume wangu aliutoa, akausimamisha karibu na mlango wa nje penye hewa, haukurudi tena kabatini. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, maana yake mitungi inaingia kila nyumba. Mtu anayelipwa kupanga majiko ya watu asiyejua mtungi unakaa wapi ana hatari kuliko fujo aliyokuja kuiondoa.

Halafu maharage. Nilikuwa nimenunua mapya sokoni Mbuyuni, bado yako kwenye mfuko. Wao wakayamimina juu ya yale ya zamani ili kopo la kioo lijae hadi shingoni lipendeze kwenye picha. Ya zamani yalikuwa yameanza kubunguliwa. Haukupita muda mrefu, chini ya kopo kukawa na vumbi jeupe, na ukisogeza uso karibu unaona vidudu vya kahawia vinapanda kioo kwa ndani, kila punje ina tundu la mviringo kama limetobolewa kwa sindano. Mapya na ya zamani, yote yakaenda kwa kuku. Mama alinieleza bila kunilaumu, maana hakuna asiyelijua hili kule Kibosho: maharage unayapepeta, unayaanika juani mpaka yakauke kabisa, ya kukaa muda mrefu unayachanganya na majivu, na ya zamani unayamaliza kwanza ndipo ufungue mapya. Ujuzi huo wote ulikuwa umekaa pale pale kwenye kigoda asubuhi ile, ungepatikana kwa salamu tu. Waliutaka utoke kwenye video.

Sasa nitende haki. Jiko bado limepangika. Miezi imepita na binti hajalalamika mgongo, chumvi tunaijua iko wapi hata umeme ukikatika, na sijanunua tena kitu ambacho tayari ninacho. Wale vijana wawili walifanya kazi kwa bidii na adabu, mmoja alimsaidia mama kumwaga maganda bila kuambiwa, na kama siku moja wataanzisha ya kwao nitawaita mimi wa kwanza. Kwa kazi ya mikono yao, nyota tatu, hata nne. Anayeishi peke yake, chumba na sebule, ambaye kila kilichomo alikinunua mwenyewe, huenda akafurahi sana na asipate shida niliyoipata. Nikifikiria hivyo naona labda nyota moja nimewaonea, labda mbili.

Lakini mwenye mzee ndani ya nyumba, au mwenye kitu alichoachiwa, asiondoke hata dakika moja wakiwa kazini. Vitu visivyoguswa avifungie chumbani na funguo akae nayo. Karatasi ya mwisho iandikwe kila kinachotoka na kinakwenda wapi, na kama hawataki kuandika, wasianze kazi.

Juzi Jumapili tulipanda Kibosho. Mama hajaniuliza habari ya sufuria tangu siku ile, na mimi sijapata la kumwambia. Tulipokuwa tunaondoka, jirani yake mmoja alimuuliza mbele yangu kama Desemba hii bado ataazimwa ile ya kilo kumi. Mama akamjibu kwamba iko mjini kwa mkwe wake, aulizwe yeye.

Hapana. Nyota ni moja. Sufuria ina herufi mbili ubavuni chini ya ukingo, moja imelala, na kishikio kimoja kina ribiti mpya. Aliyepewa wala simlaumu, hakuiba. Akiwa hapa Moshi aniandikie, nitamnunulia nyingine ya ukubwa ule ule na nauli juu. Na wao, siku wakiileta, wamlete na yule msimamizi, aje amwamkie mama.