Trela ya kulala au gari-nyumba? Mpangilio wangu kwa wanunuzi walioko Marekani

Kabla hujaanza kutazama picha za makochi na majiko, toka nje ufungue mlango wa dereva wa gari ulilonalo. Pembeni pale kuna kibandiko kinachotaja uzito ambao watu na mizigo yao kwa pamoja hawatakiwi kuuzidi. Kisha fungua kitabu cha gari utafute uzito linaoruhusiwa kuvuta. Toyota Sienna za sasa, ambazo ukienda kwenye harusi yoyote ya watu wetu utazikuta zimejipanga nje, huvuta paundi 3,500, yaani takriban kilo 1,590. Toyota Highlander yenye injini ya V6 huvuta 5,000. Honda CR-V ya petroli ni 1,500 tu, na hapo uchaguzi wako tayari umepungua.

Mpangilio huu ni wa mtu anayetoka wikendi na likizo za kiangazi. Anayetaka kuhamia barabarani mwaka mzima ana hesabu zake nyingine.

Nafasi ya kwanza: trela ndogo ya faibaglasi, futi 13 hadi 17, iliyokwisha kutumika. Ninazungumzia trela kama Scamp inayotengenezwa Minnesota na Casita ya Texas. Bodi yake ni vipande viwili vikubwa vilivyofunikana kama vifuu vya nazi, kwa hiyo maji hayana pa kupenyea pengi. Trela nyingi za kawaida zina fremu ya mbao iliyofunikwa kwa mabati au mabamba, na viungo vya paa huzibwa kwa gundi ambayo jua huikausha hadi ikapasuka. Maji yakishaingia, mbao huoza kwa ndani muda mrefu kabla hujaona doa lolote ukutani. Ndiyo sababu Scamp ya miaka ishirini bado inagombaniwa, na ukiiona inauzwa bei ya kutupa, jiulize kwa nini.

Scamp ya futi 13 ina uzito wa kati ya paundi 1,200 na 1,500 ikiwa tupu. Neno "tupu" ndilo wauzaji hulipitia mbio. Galoni moja ya maji ni zaidi ya paundi 8, na bado hujapakia betri, mtungi wa gesi, sufuria, mchele na yule mtu wa familia asiyesafiri bila jiko lake la mkaa. Soma bamba lililobandikwa kwenye trela ujue uzito wake wa mwisho ikiwa imejaa, na utumie huo katika hesabu.

Sehemu inayowanasa wengi ni hii. Trela inapaswa kulalia chuma cha kuivutia kilicho nyuma ya gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote. Ikilalia chini ya hapo, itachezesha mkia kwenye barabara kuu, na kuirudisha kwenye mstari ukiwa kasi si mchezo. Sasa trela ya paundi 3,000 inamaanisha paundi 300 hadi 450 zinazoikandamiza Sienna yako kwa nyuma, na uzito huo unahesabiwa ndani ya kile kibandiko cha mlangoni. Ongeza watu wazima wanne na watoto wawili, na gari linaweza kuwa limeshazidiwa ingawa zile 3,500 za kuvuta hujazigusa. Familia kubwa yenye Sienna ichukue trela ya paundi 2,000 kwenda chini, watoto walale hemani kando yake.

Faida ya trela utaiona ukishafika. Unaichomoa kambini unaondoka na gari tupu. Kule kwenye hifadhi ya Glacier, Montana, barabara ya Going-to-the-Sun hairuhusu kitu chenye urefu wa zaidi ya futi 21 kati ya Avalanche na Rising Sun, na gari-nyumba kubwa hugeuzia hapo. Tena gari likiharibika, fundi anachukua gari na nyumba inabaki kwako. Ubaya wake: majimbo mengi hayaruhusu mtu kukaa ndani ya trela ikiwa safarini, na kurudi nyuma nayo kunahitaji mazoezi kwenye maegesho matupu, mbali na macho ya shemeji zako.

Nafasi ya pili: gari-nyumba la daraja C lililotumika, lile lenye kitanda juu ya dereva, mara nyingi likiwa limejengwa juu ya gari la Ford E-350 au E-450. Kwa watu sita au zaidi hili ndilo jibu la kweli. Hesabu mikanda ya viti, usihesabu vitanda. Tangazo likisema wanalala wanane halimaanishi wanane wanaweza kusafiri kihalali. Petroli utaililia: maili 8 hadi 10 kwa galoni. Maili chache kwenye dashibodi zisikudanganye, kwa sababu gari hili huharibiwa na kusimama. Tazama tarakimu nne za mwisho za alama inayoanza na herufi DOT kwenye tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya umri huo ni ya kubadilishwa hata kama kashata zake bado zimesimama. Jenereta iwashwe mbele yako, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi. Kabla ya kununua, kodi la Cruise America kwa siku chache. Kampuni hiyo pia huuza yale iliyokwisha kuyakodisha.

Ya tatu: trela ya turubai inayokunjuka. Rahisi, nyepesi, inalaza sita, inaingia gereji. Ikinyeshewa lazima uifungue tena nyumbani ikauke, la sivyo ukungu utaila. Pia kuna kambi zisizoipokea: Fishing Bridge, katika hifadhi ya Yellowstone, haitaki kuta za kitambaa kwa sababu ya dubu.

Ya nne: gari-nyumba la daraja B, yaani van iliyogeuzwa nyumba. Mpya huvuka dola 100,000 kirahisi, na wanaolala kwa raha ni wawili. Wazee ambao watoto wameshaondoka nyumbani wanaweza kuipandisha hadi ya pili, maana inaegeshwa popote na inaendeshwa hata kwenda sokoni.

Daraja A, lile basi zima, sijaliweka kwenye orodha. Anayelimudu hahitaji mwongozo wangu.

Chochote utakachochagua, kanyaga sakafu kwenye pembe na chini ya sinki, bonyeza ukuta chini ya kila dirisha, na unuse. Ukikaribishwa na manukato makali, ondoka.

Na wanaopiga hesabu ya kuja kusafirisha kitu hicho hadi Mombasa: gari-nyumba la Marekani lina usukani wa kushoto, na Kenya haisajili hayo kwa matumizi ya kawaida. Trela haina usukani, lakini mlango wake uko kulia, kwa hiyo ukisimama kando ya barabara ya Voi utashukia upande wa malori. Umeme wake wa volti 120 nao utahitaji kubadilishwa. Iuze hukohuko Marekani.